Tulipomlilia Mfalme Yosia

Siku yangu ya kwanza kufundisha maigizo kanisani kwetu Malvern, huku ughaibuni, mchungaji alinikabidhi ufunguo wa ukumbi wa chini na sanduku la kanzu za manabii. Hakuniambia kwamba watoto wenyewe wangesikia Kiswahili changu na kunijibu kwa Kiingereza.

Enzi zangu igizo lilitegemea waombolezaji, lile kundi linalolia nyuma ya jeneza. Kilio kikiwa cha uongo, ukumbi mzima hucheka. Mwaka tulioigiza kifo cha Mfalme Yosia, aliyeirudisha nchi kwa Mungu kisha akapigwa mishale vitani, nchi yake yote ya Yuda ilitakiwa kulia. Yuda yangu, wale watoto, ilichekelea. Misiba ya kwetu walikuwa wameiona kwenye simu tu, na hilo lilinitia hofu kuliko igizo lenyewe: sisi tukifa huku, nani atatulilia?

Mzee wa kanisa aliyesimamia vijana alikuja kutazama.

"Mama Tumaini, ondoa kilio. Jumapili utatuaibisha."

"Nipe leo tu, Mzee."

Alipotoka nilivua viatu vya theluji, nikashika kichwa, nikaanzisha kilio. Mmoja huanza, wengine humpokea. "Uuuwi! Baba katuacha! Twende kwa nani?" Watoto walinikodolea macho.

Aliyenipokea ni Mama Neema, aliyekuwa jikoni juu akipika chai. Alishuka ngazi mbio, kanga kiunoni, akilia machozi ya kweli. Kwetu unalia kwanza, unauliza baadaye. Binti yake Neema, mmoja wa waombolezaji wangu, alipomwona mama yake vile akaangua kilio. Wenzake wakafuata.

"Baba Tumaini ametutoka?" Mama Neema aliniuliza, amenikumbatia. Mume wangu alikuwa ametoka hospitali juzi tu.

"Hapana, dada! Yuko nyumbani anatazama mpira. Ni Mfalme Yosia."

Alijitupa juu ya sanduku la manabii, akacheka huku akijifuta. "Asante Mungu! Kumbe mfalme tu!"

"Mama, si mfalme tu," Neema akasema kwa Kiswahili, kamasi zikimtoka. "Alikuwa mzuri."

Mzee wa kanisa naye alikuwa amerudi mbio, kofia mkononi. "Kilio kibaki," alisema.

Sasa nimestaafu, ufunguo anao Neema. Mazoezi yakifika kwenye kilio, mama yake bado hushuka ngazi kuhakikisha. Tunamcheka.

"Siku itakapokuwa kweli," hutujibu, "sitaki kuchelewa."

Nami ile hofu imenitoka kabisa.