Mjumbe wa Nne

Tangazo lilisomwa kanisani kwetu Elerai baada ya matoleo, likafuatia majina ya wanaotarajia kufunga ndoa. Usharika mmoja juu ya Maji ya Chai, kwenye miteremko ya Meru, unatafuta mtendakazi wa vijana, mwenye stashahada na barua ya mchungaji wake. Mama alinikanyaga mguu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Stashahada yangu ya maendeleo ya jamii ilikuwa imekaa kabatini miaka mitatu, na mimi nilishinda nyumbani nikiosha vyombo na kuandika hadithi ambazo hakuna mtu aliyeniomba. Niliitaka kazi ile mpaka nikaona haya.

Siku ya usaili nilipanda bodaboda kutoka barabara ya lami. Njia ilipita katikati ya migomba na mibuni, udongo mwekundu ukiwa bado umelowa mvua ya usiku, na mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Nje ya ofisi ya usharika kulikuwa na benchi, na kwenye benchi kijana mwenye Biblia ya zipu.

"Dada, na wewe usaili?"

"Ndiyo."

"Karibu. Mimi huu wa nne mwaka huu. Wakikuuliza habari za wokovu wako, lia kidogo. Wazee wanapenda."

"Wewe ulilia?"

"Nililia sana. Ndiyo maana bado nazunguka."

Nikacheka. Mpaka hapo woga wangu ulikuwa ule wa kawaida, wa mikono ya baridi na kwenda chooni mara mbili. Kisha mlango ukafunguliwa, nikaitwa.

Mezani walikaa wanne. Mchungaji alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea. Kulia kwake alikaa katibu wa baraza la wazee, mzee wa koti zito aliyeshika kalamu kama anayetaka kuichoma meza. Kushoto, mama mmoja wa umoja wa wanawake, mnene, mwenye uso wa kukaribisha. Wa nne alikuwa ameinama akiandika. Nikasema, "Bwana asifiwe," wakaitikia, na yule wa nne akainua uso.

Nilimjua kabla hajamaliza kuuinua.

Miaka saba nyuma tulikuwa kwaya moja, mimi na yeye, usharika wa nyumbani. Yeye ndiye aliyeimba peke yake sikukuu zote. Sauti yake ilipopanda, hata watoto waliokuwa wakitafuna karanga waliacha. Jumamosi moja tulikuwa nyuma ya kanisa tukifua majoho ya kwaya. Akaacha kusugua, akaangalia povu, akaniambia ana mimba. "Sijamwambia mtu," akasema. "Hata mama. Wewe tu."

Nilikaa na siri ile siku nne. Siku ya tano nilikutana njiani na mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Aliniuliza tu kwaya inaendeleaje. Hakuuliza zaidi ya hapo. Nikamwambia.

Nilijisemea kwamba nimefanya kwa ajili ya kanisa. Lakini Pasaka ilikuwa inakaribia, na wimbo wa Pasaka ulikuwa na sehemu ya mtu mmoja. Sehemu hiyo niliimba mimi. Yeye alitengwa, kama utaratibu wetu ulivyo: hakuna kwaya, hakuna meza ya Bwana. Baba yake akampeleka kwa shangazi. Mwaka uliofuata alirudi kundini. Alisimama mbele ya madhabahu, mtoto mgongoni, na mchungaji akamuuliza mbele ya watu wote kama anajuta. Akajibu ndiyo, kwa sauti ileile. Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake, kwenye mstari wa kwaya, nimevaa joho. Kisha tukaimba. Baada ya hapo nilisikia ameolewa upande wa Meru, na sikuuliza ni wapi.

Sasa nilijua ni wapi.

"Huyu ni mlezi wa vijana wetu," alisema mchungaji. "Atakayepata kazi hii atakuwa chini yake. Naona mnatazamana. Mnafahamiana?"

"Tumeimba kwaya moja," alisema yeye. Akarudi kuandika.

Nikaketi. Neno lake moja lingetosha kunikosesha kazi. Nani angempa mabinti zake mtu ambaye rafiki alimwambia siri moja, na siri ile ikafika kwa wazee kabla ya Jumapili? Waliniletea chai na magimbi ya kuchemsha. Kikombe nikakiacha palepale.

Mzee alianza. "Binti, vijana wetu wanakimbilia makanisa ya spika kubwa. Utawarudishaje?"

"Nitawasikiliza kwanza, mzee, nijue wanatafuta nini kule."

"Wanatafuta kelele," akasema, na kuandika kitu kirefu.

Mama akaniuliza kama nimewahi kupika kwenye kambi ya vijana. Nikamwambia nimepika pilau ya watu mia na ikabaki. "Ikabaki?" akasema. "Basi hukuwa na vijana wa huku." Walicheka wote isipokuwa mmoja. Kila niliposikia karatasi yake ikigeuzwa nilidhani ndiyo sasa, anasema sasa. Nilijikuta najibu maswali ya kipaimara huku nikihesabu misumari kwenye fremu ya mlango.

"Mlezi," alisema mchungaji, "zamu yako."

Akaweka kalamu chini.

"Nina swali moja tu. Msichana wa kwaya anakuja kwako. Anakwambia ana mimba, na hajamwambia mtu mwingine. Unafanya nini?"

Hakukuwa na hasira katika sauti ile. Kama kungekuwa na hasira ningeweza kuishika, nikajitetea. Aliniuliza kama anayeuliza njia.

Jibu la utaratibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelikariri usiku kucha: nitamshauri, nitaomba naye, nitamtaarifu mzee wa mtaa. Nilifungua mdomo nilitoe. Nikaona kidole chake gumba kikisugua ukingo wa meza, polepole, kama anayesugua nguo.

"Niliwahi kuambiwa hivyo," nikasema. "Sikufanya lolote la kumsaidia. Nilikwenda nikamtaja kwa mzee wa kanisa. Hakuniuliza, nilimtaja mwenyewe. Na nilimtaja kwa sababu nilitaka kuimba mahali pake."

Nje kuku alikuwa akiita vifaranga. Nilisubiri meza inigeukie.

"Lakini ulifanya vizuri!" alisema mzee. Alikuwa ametabasamu kwa mara ya kwanza. "Nia yako ndiyo haikuwa safi, hilo ni la kwako na Mungu. Kutaja ndio utaratibu wenyewe. Huyo binti angetubu vipi bila kutajwa? Mchungaji, huyu anajua kazi."

Katika mambo yote niliyoyaogopa asubuhi ile, kusifiwa mbele yake hakukuwemo. Nilitamani sakafu inimeze. Yeye hakuinua macho. Kidole kilikuwa kimesimama.

"Na leo?" aliuliza mchungaji, taratibu. "Akija leo?"

"Leo nitakwenda naye kwa mama yake, kama atakubali. Akikataa, nitakaa naye mpaka akubali. Sitamtaja mimi."

"Basi utakuwa unaficha dhambi," alisema mzee.

"Nitakuwa natunza alichoniambia, mzee. Atakisema mwenyewe."

Tabasamu lake likaondoka. Mchungaji akanishukuru, akaniambia nisubiri nje.

Yule kijana wa Biblia ya zipu alinipisha mlangoni. "Umelia?" akanong'ona.

"Bado."

Nilikaa kwenye benchi nikisikiliza sauti zao ukutani bila kushika neno. Kijana alitoka baada ya nusu saa, akanipungia mkono, akashuka zake. Sauti ziliendelea. Safari hii mzee alisikika akipandisha sauti, kisha mama. Nilifikiria kuondoka.

Alitoka yeye peke yake. Hakukaa. Alisimama mbele yangu akifunga vizuri kitenge chake.

"Kwa nini umesema?"

"Nilidhani utasema wewe."

"Kwa hiyo umesema kwa woga."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji kamili. "Ningejua kama ungenidanganya. Mimi nilikuwa na woga miezi mingi, naujua ukoje usoni."

"Nilitaka kukuandikia," nikasema. "Nisamehe."

"Hukuniandikia." Alitazama upande wa mlima. "Mzee anakutaka kwa kile ulichofanya zamani, na hakutaki kwa kile ulichosema leo. Hajui kama ni mimi. Mama anakutaka kwa sababu ya pilau. Mchungaji akaniachia niamue."

Sikuuliza.

"Nimewaambia wakuchukue."

Nilingoja furaha ifike. Badala yake baridi ilianza kwenye vidole na kupanda.

"Usinishukuru," alisema. "Ukikosa hapa utapata usharika mwingine, na mabinti wa huko nani atawaambia? Nataka uwe mahali ninapokuona. Kila Jumapili, kila mazoezi ya kwaya. Siku binti akifunga mlango wa ofisi yako na kukuambia jambo, nami nikalisikia njiani, utaondoka siku hiyohiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Watoto wa shule walikuwa wanapita kwenye njia ya mibuni. Mmoja akajitenga na wenzake, akaja mbio mpaka kwetu, sweta limefungwa kiunoni, magoti yamejaa udongo. Alikuwa na paji la uso la mama yake na meno mawili ya mbele yakiota. Nilihesabu miaka bila kutaka kuhesabu.

"Msalimie," mama yake alimwambia. "Huyu ndiye mwalimu mpya wa vijana. Atakuwa anakaa hapa na sisi."

Mtoto akanitazama moja kwa moja, kama asiyejua lolote juu yangu.

"Shikamoo."

Mama yake alikuwa ananiangalia mdomoni, akisubiri nimjibu mwanawe. Nikasema marahaba, kwa sauti ndogo sana, na mtoto akaniomba nirudie kwa sababu hakusikia.