Gorogoro Mbili za Cephas

Bhoke alikuwa mwanamke wa kuomba apunguziwe hata bei ya kitu alichokwisha kununua. Mumewe Maroa alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale Kehancha, ndiyo maana alishangaa mwaka ule wa tisini na sita aliposikia, "Baba Liz, pikapu tumeshapata. Ile safari yako ya kuona ziwa, twende kesho kutwa."

"Mbona kesho kutwa?"

"Kwani kesho kutwa si siku?"

Siku ilipofika, Maroa alimkuta akipakia magunia mawili ya wimbi. "Ziwani tunapeleka wimbi?"

"Gari tupu linarukaruka."

Wakashuka vilima vya Kuria, wakapita Migori, wakapanda tena hadi Rongo. Maroa alipiga mluzi, akasimamisha gari kila penye mwinuko atazame mabonde. Bhoke hakutazama bonde. Pale Rongo aligombania bei ya mkungu mmoja wa ndizi mpaka mwenye ndizi akasema, "Chukua, mama, uniondokee." Walipofika njia panda ya Rodi, ambapo kushoto ni Homa Bay, Bhoke akasema, "Kata kulia."

"Ziwa liko kushoto."

"Ziwa halihami. Kata kulia, tunaenda Rangwe. Leo ni soko."

Hapo ndipo Maroa alipoelewa, maana kisa hicho alikuwa amekisikia tangu posa.

Miaka minane nyuma, Bhoke akiwa msichana, alidandia lori na wimbi wake hadi Rangwe, kwa mnunuzi wa nafaka aitwaye Cephas. Nyumbani alikuwa amepima gorogoro ishirini, kwa ule mkebe wa kilo mbili ambao kila mtu hupimia. Kwa Cephas, ishirini zikawa kumi na saba. Alipouliza, Cephas aliumwaga wimbi wote chini mbele ya soko zima, akausugua kwa kiatu, akapaza sauti: "Oneni! Huyu anatuuzia mchanga!" Tangu siku hiyo wakamwita Nyar Mchanga, yaani binti wa mchanga kwa Kijaluo, na hakuna aliyenunua kwake tena. Lakini alipokuwa akiokota punje zake, Bhoke aliona kitu kimoja: Cephas hakuweka mkebe wake mezani hata mara moja. Kila mara aliudidimiza juu ya gunia.

Kisasi ni kama mahindi. Anayeuza wakati wa mavuno hajui biashara.

Walipofika Rangwe, Cephas alikuwa amenenepa, wala hakumtambua Bhoke. "Karibu nyamin, dada yangu! Wimbi safi hii." Akatoa mkebe, akaudidimiza juu ya gunia, akapima yote. Bhoke hakubishia kipimo, hakubishia bei. Maroa aliogopa, akadhani mkewe anaumwa.

"Sasa nataka mahindi," Bhoke akasema. "Gorogoro thelathini."

Cephas akatungua mkebe mwingine uliotundikwa mlangoni.

"Ule ulionipimia wimbi uko wapi?"

"Ule ni wa kununua, mama."

"Kumbe mikebe ina kazi tofauti, kama wake wawili!"

Wanawake waliokuwa foleni wakacheka, wakasogea. Bhoke aliunyakua ule wa kwanza, akamrushia Maroa. "Baba Liz, uweke mezani." Maroa akauweka kwenye meza ya Phelesia, muuza chai wa jirani. Ukayumba kama mlevi, kwa kuwa kitako kilikuwa kimegongwa kikatokeza nje. Ule wa mlangoni kitako chake kilibonyezwa ndani. Bhoke akaujaza mahindi huo mdogo wa kuuzia mpaka juu, akayamimina ndani ya ule mkubwa wa kununulia. Ikabaki nafasi ya ngumi mbili.

"Yawa!" Phelesia akashika kichwa. "Miaka yote hii!"

Cephas akamvuta Bhoke kando. "Nyamin, ingia ndani tuongee. Chukua gunia nzima. Chukua mbili."

Maroa alingoja kumsikia mkewe akisema matatu. Hakusema.

"Mimi ndiye Nyar Mchanga," alisema. "Wimbi wangu ulikuwaje?"

Cephas akamtazama tena, akamtambua. "Ilikuwa safi," akanong'ona.

"Siku ile hukunong'ona."

"Ilikuwa safi! Haikuwa na mchanga!"

Cephas akajipangusa jasho. "Basi yameisha?"

"Yako ndiyo yanaanza." Bhoke akawageukia wanawake. "Mama zangu, mahindi ya Cephas leo yanauzwa kwa mkebe wa kununulia, kwa bei ileile. Nani anapinga?" Hakuna aliyepinga. Phelesia ndiye aliyeshika mkebe na kupima, mwenyewe Cephas akiinua magunia, na foleni ikafika barabarani.

Maroa alienda hotelini akala samaki peke yake, akanywa chai, akarudi. Alimkuta mkewe ameketi palepale, akimtazama Cephas usoni bila kupepesa kila alipoinua gunia.

"Mama Liz, umeridhika sasa? Twende tukaone ziwa kabla jua halijazama."

Bhoke hakugeuka. "Bado magunia mawili."