Kikombe Nilichompa Mkwe na Mkono wa Kushoto

Leo nusura nivunje posa ya binti yangu na kikombe cha chai.

Wageni walitoka Migwani na mbuzi za ntheo, zile mila yetu hudai, kuja kumposa Mwende wetu. Hapa nyumbani nilikuwa nimekataza kila mtu kutaja stroke. Miezi nane mkono wangu wa kulia umelala tu, lakini sikutaka kuonewa huruma na wakwe.

Mwende akaniambia, "Mum, wacha nipeane chai."

Nikamwambia akae. Hii boma ni yangu.

Kikombe cha kwanza nikampelekea baba ya kijana, Mzee Mutua. Na mkono wa kushoto.

Mzee akakiangalia. Hakukichukua.

Mnajua vile kwetu kumpa mzee kitu na kushoto ni kumdharau. Ndugu ya Mzee Mutua akaanza kutafuta kofia, waondoke.

Wewe ungefanya nini hapo?

Mimi nilisema, "Mzee, si madharau. Nilipigwa na stroke. Huu wa kulia hauinuki."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema hivyo mbele ya watu.

Mwende akainuka, akaushika ule mkono uliolala, akaukunja kwa kikombe, akaweka wake juu. Zamani ningemfukuza. Leo nilimwacha.

Tukampa mzee pamoja.

Akasimama, akapokea na mikono miwili. "Mama Mwende, tungejua, tungekuja kukuona kwanza. Mbuzi zingengoja."

Chai ilikuwa imepoa kabisa.

Aliimaliza yote.