Nurto na Kutu ya Kaisari

Nurto hakuwa mtu wa kukaa. Hata kabla ya vita, majirani zake pale Garissa walimtania kwamba mkeka wake haujui joto la mwenyewe. Akikosa kazi alisugua birika la shaba kwa majivu na ukwaju mpaka ukajiona uso ndani yake. Mwaka wa 1966, vita vya shifta, waasi waliotaka kujiunga na Somalia, vilipopamba moto, usafi huo ulimponza.

Asubuhi moja mumewe, Kerrow, mchuuzi wa ngozi, alishikwa kwenye kizuizi cha daraja la Tana. Mtu alikuwa amemchongea kwamba anaficha pesa za Mogadishu. Pesa zenyewe ni sarafu moja tu ya shaba, nyeusi yenye kutu ya kijani, ambayo babu yake aliiokota mchangani karibu na Kismayu. Zamani Mzungu mmoja mchimba magofu aliigeuzageuza juani, akatambua taji la miali kichwani na herufi S na C upande wa pili, akasema ni ya Kaisari wa Roma.

"Kutu msiiguse," alimwambia Kerrow. "Ndiyo inayoonyesha umri wake."

Nurto hakuyasikia hayo. Mgeni alikuwa mwanamume, naye alikuwa nyuma ya pazia akipika chai.

Afisa wa kizuizini, tusimsingizie, alimsikiliza Kerrow bila matusi.

"Roma ni kwa Waitaliano," alisema, "na Waitaliano ndio waliotawala Somalia. Nitajuaje si pesa ya juzi?"

"Afande, hiyo besa iko na kutu ya samani sana. Bibi yangu alete, utaona," Kerrow akajibu kwa lafudhi yake ya Kisomali.

Akatumwa Lul, dada yake Kerrow. Alifika akihema.

"Abaayo, dada yangu, afisa anaitaka ile sarafu! Akiiona atamwachilia. Lori la mahabusu linaondoka adhuhuri."

Moyo wa Nurto ukaruka. Akaitoa sarafu kwenye mfuko wa ngozi, na aibu ikamshika. Ampelekee mkubwa wa serikali kitu kimeota ukungu namna hii? Akachota majivu, akatia ukwaju, akasugua huku akiuliza jua limefika wapi. Lul naye alikuwa mlangoni, anachungulia barabara tu. Kaisari akang'aa.

Nurto akaikimbiza darajani. Kerrow aliuona mng'ao ule kwa mbali, akaketi chini. Afisa aliigeuza sarafu. Miali ipo, S ipo, C ipo.

"Mama, hii ni mpya."

"Mimi nasafisha tu, afande! Wallahi ilikuwa chafu!"

"Ningeuona huo uchafu, mumeo angelala kwake leo."

Akamrudishia sarafu. Lori likawashwa, likamchukua Kerrow.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nani amwambie Nurto? Aliizika sarafu kwenye udongo wa chumvi nyuma ya mtungi, akawa anaifukua asubuhi, anaifukua jioni, anaizika tena. Birika likaingia weusi, hakuligusa. Mvua zikaja zikapita, ndipo akaona kwenye sikio la Kaisari doa la kijani, dogo kama punje ya mtama. Alilia kwa furaha. Akakimbia hadi darajani bila hata kufunga mlango.

Afisa alikuwa mwingine. Aliitazama sarafu, akamtazama mama aliyejaa vumbi.

"Kerrow?" akauliza. "Kerrow yupi?"