Kocha Iderima Mbele ya Meza ya Uhakiki

Kiharusi kilipompata Kocha Tamunosaki Iderima, kilimwachia maneno mafupi ya Kiingereza tu. Kilichukua jina la mkewe, neno chai na neno mguu. Lakini ukimwekea vigae saba vya herufi mezani, mkono wake wa kushoto ulivipanga kabla hujakaa vizuri.

Alikuwa ameajiriwa na jimbo kufundisha skrabo, mchezo wa kupanga maneno kwa vigae vya herufi, kwa miaka ishirini na saba. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa bingwa. Aliwafundisha watoto wa mtaa wetu katika darasa la kuazima, kila siku baada ya masomo, na mimi nilikuwa nikimnakilia madaftari kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Daftari moja lilikuwa la maneno yenye Q yasiyo na U. Jingine la Z, herufi mbili na tatu. Kila neno liliandikwa na maana yake pembeni, na hapo ndipo alipogombana na vijana.

"Qat," angesema, sahani ya ndizi za kuchoma na samaki mkononi. "Maana?"

"Kocha, maana haina pointi," angejibu Boma, kijana mwepesi kuliko wote.

"Na wewe huna ndizi. Maana?"

"Majani ya kutafuna. Yanaondoa usingizi."

"Suq?"

"Soko la Waarabu."

"Adz?"

"Tezo ya seremala."

"Zo?"

"Mtoto wa ng'ombe na... na yule ng'ombe mwingine wa manyoya, Kocha, wa milima ya baridi."

"Kula."

Baada ya kiharusi nilikuwa nikienda kwao kila Jumamosi na mfuko wa vigae. Mkewe, Mama Ibiso, alikuwa akifuta meza kwanza, maana masizi ya mitambo ya mafuta ya mji wetu huingia hata madirisha yakifungwa. Siku moja Kocha alipanga QAT. Nikadhani nitamfurahisha, nikamuuliza, "Maana, Kocha?" Alinitazama mdomoni, akavitazama vigae, kisha akageuza uso kuelekea ukutani. Sikumuuliza tena.

Kisha likatoka tangazo la uhakiki wa watumishi. Kila mwajiriwa afike mwenyewe ofisini, ajitambulishe kwa mdomo wake au kwa mkono wake mbele ya afisa. Asiyejitambulisha atahesabiwa kuwa mfanyakazi hewa na mshahara utasimama. Mshahara huo ndio ulionunua dawa, na ndio uliomleta mchua viungo mara mbili kwa wiki. Bila huyo mchuaji, daktari alisema, hata mkono wa kushoto usingedumu.

Mama Ibiso alimfundisha wiki mbili. "Sema Ta. Ta-mu-no." Kocha alikaza shingo, mate yakamtoka, machozi yakafuata. Kalamu ilimponyoka. Ndipo nilipotoa wazo la vigae. Tulimpa herufi kumi za jina lake, naye akatutolea maneno manne mafupi, yote halali, yamenyooka kama uzi.

"Huyu mtu ananitania," alisema Mama Ibiso. "Basi tutampangia sisi, yeye aguse tu. Kugusa nako si kwa mkono wake?"

Jumapili alasiri, akiwa amechoka na anasinzia, tulimpangia jina zima. Akaligusa. Mama Ibiso alipiga kelele za furaha hadi jirani akachungulia juu ya ukuta.

Siku yenyewe foleni ilifika hadi getini. Waliokuwa mbele walitupisha. Mtu mmoja alipaza sauti, "Kocha, wamwagie neno la Q uende zako!" Watu wakacheka, Boma akiwa mmoja wao. Siku hizi yumo kwenye timu ya jimbo, naye alikuja kuhakikiwa.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, si mkali. Alitusikiliza.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, madam. Mume wangu."

"Mama, mwaka jana nililetewa marehemu wanane hapa, kwenye karatasi, na wote walikuwa na wake. Namtaka yeye."

Mama Ibiso aliweka ubao mezani, akapanga herufi kumi. Alipanga polepole, kama anayetandika kitanda cha mgonjwa.

Nilipaswa kuona mapema. Kulikuwa na meza, ubao katikati na mtu wa upande wa pili aliyekaa wima. Ukutani kulikuwa na saa, na watu walikuwa wamesimama nyuma wakitazama. Kocha, aliyekuwa amelegea kitini tangu asubuhi, alinyoosha mgongo. Akarekebisha kola ya shati.

"Mzee," afisa alisema, "hili ni jina lako? Liguse."

Alilitazama kwa muda. Kisha akanyanyua mkono wa kushoto juu, kiganja wazi, kama alivyotufundisha sote kufanya ili kupinga neno la mpinzani lisilokubalika. Macho yake yakamtafuta mwamuzi. Mara ngapi alituondolea neno ubaoni kwa kosa hilo? Katika mchezo wetu jina la mtu halihesabiwi, liwe la nani.

Mwamuzi hakuja. Kocha akaziondoa herufi mwenyewe, moja moja, akazirudisha kwenye mfuko wa vigae na kuuvuta uzi wa kuufungia.

Boma aliacha kucheka.

"Amekana," afisa alisema taratibu.

"Hajakana, madam," nilisema. "Amepinga."

"Tofauti yake?"

Nilikuwa nayo tofauti yake, miaka ishirini na saba nzima, lakini nyuma yetu kulikuwa na watu wanaosukumana, na afisa alikuwa ameshashika kalamu. Mama Ibiso alijaribu kumwekea tena herufi. Alipoona mkono unaanza kupanda, akaacha. Afisa aliandika mstari mmoja, akaugeuza ukurasa, akatutakia safari njema.

Orodha ilibandikwa mwezi wa sita. Mama Ibiso aliisoma kwa kidole hadi akalifikia jina, limekatwa kwa kalamu nyekundu. "Haya," alisema, "wamemkubalia pingamizi."

Mchua viungo haji tena. Bado naenda Jumamosi. Kocha anapanga maneno yake, polepole kuliko zamani, vigae vingine vinaanguka. Mimi husoma maana kwenye daftari kwa sauti, naye hasikilizi.

Wiki iliyopita Mama Ibiso alikaa upande wa pili wa meza, akatoa mfukoni herufi tano, akapanga IBISO, jina lake mwenyewe. Alikunja mikono akasubiri.

Mkono wa kushoto ulichukua muda mrefu, lakini ulipanda.