Ndege ya Sebuleni

Mzee Msellem wa Pujini aliziegesha ndege za watu tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na hakuwahi kupanda hata moja. Kazi yake pale uwanja wa ndege wa Chake ilikuwa kusimama juani mbele ya ndege inayoingia, vibao viwili mikononi, akimwonyesha rubani njoo, njoo, kata kushoto, simama hapo hapo. Ndege ikishazima injini, yeye huinua shingo kutazama kile chumba cha mbele wanamokaa marubani. Kutoka chini haoni zaidi ya miwani nyeusi na viwiko vya watu. Alitamani mno kujua humo ndani mna nini, ila haya za utu uzima hazikumruhusu kuomba achungulie.

Alipostaafu, mkwewe Hafidh, fundi wa kompyuta huko Unguja, alimletea kompyuta kuukuu aliyoitia mchezo wa kurusha ndege. Hafidh alidhani kampa mzee kitu cha kupitishia wakati baina ya adhuhuri na alasiri. Kumbe kamuoza mke wa pili. Maneno haya si yangu, ni ya Bi Mwanawema, mke wa kwanza na wa pekee wa Mzee Msellem, na aliyasema mbele ya watu. Alikuwa na haki yake, maana ile kompyuta iliunganishwa na TV ya sebuleni, na TV ile ndiyo aliyokuwa akitazamia tamthilia zake za Kituruki.

Lakini mwache mzee wa watu afurahi. Ukiufungua mchezo ule unajikuta umeketi ndani ya chumba cha rubani, usukani mbele yako, na ukigeuza fimbo ya kuchezea unaweza kutazama kushoto, kulia, juu mpaka darini. Mna saa za mviringo za kuonyesha mwendo na kimo, mna ramani inayojichora yenyewe, mna swichi zimejipanga kila mahali. Mzee Msellem alizisoma moja moja. Akatafuta mtandaoni picha nzito nzito za kukipamba chumba kile, mpaka ikawa kila skrubu inaonekana kichwa chake na maandishi madogo chini ya swichi yanasomeka kama yamepigwa muhuri jana. Alikuwa na raha ya mtu aliyengoja mlangoni miaka mingi, na sasa kaambiwa karibu ndani.

Mambo yakawa hivyo mpaka Asya alipopata mimba. Asya ndiye binti yao, mke wa Hafidh, na mimba ile ilikuja baada ya miaka ya dua na machozi. Mimba ilipoingia mwezi wa nane daktari akamkataza safari. Na kila mtu anajua kwamba mwanamke anayezaa kifungua mimba hulelewa na mamake. Mama ndiye amkande kwa maji ya moto, ampikie uji wa pilipili manga, amuogeshe mtoto, akae naye mpaka arubaini. Kama binti hawezi kuja kwa mama, basi mama aende kwa binti. Hapo ndipo penye kazi.

Bi Mwanawema alipanda boti mara moja tu maishani mwake. Alikwenda Unguja kumzika shangazi yake, na kwa namna alivyotapika, waliompokea bandarini walidhani watazika wawili. Aliporudi akaapa kuwa bahari na yeye basi. Na ndege je? Ndege alikuwa akiiogopa zaidi.

"Kitu hakigusi chini, hakigusi juu," alikuwa akisema, "kinashikwa na nini?"

Mzee Msellem akaona jawabu analo sebuleni. Akamketisha mkewe kwenye kiti mbele ya TV, akamwambia, "Mama Asya, leo nakupeleka Unguja, na huinuki hapo ulipo. Ukishaona ilivyo nyepesi, utaipanda ya kweli."

Ndege ikakimbia, ikapaa, na Mzee akaanza kugeuza macho ya ndani ili amwonyeshe mkewe uzuri wa chumba. Picha ikasita. Ikaruka. Ikasita tena, ikaruka mbele kwa kishindo, dirisha likawa hapa mara kule. Bi Mwanawema alijishika kifua kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono wa pili. Hawajafika hata Kisiwa Panza, akainuka mbio kwenda uani, na aliporudi uso umemsawijika.

"Kumbe hivi ndivyo zinavyokwenda," alisema. "Zinakwenda, zinasita, zinarukia mbele. Na miye nilikuwa naziogopa kwa kudhania tu."

"Hiyo si ndege, ni kompyuta inayosita," Mzee akajitetea. "Ndege ya kweli haisiti hewani."

"Weye ushawahi kuipanda?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kabla ya siku ile mkewe alikuwa na woga tu. Sasa ana woga na ushahidi.

Kwa siku kadhaa hapakuwa na habari ya safari mle ndani. Halafu jioni moja Mzee aliingia chumbani kutafuta miwani yake akamkuta Bi Mwanawema ameketi kitandani, begi limefunguliwa. Ndani yake mlikuwa na kanga mpya za kumpokelea mtoto, wanja, na pilipili manga aliyoichagua mwenyewe. Alikuwa akizikunja kanga, akizikunjua, akizikunja tena, na machozi yanamtoka bila ya sauti. Alitaka kwenda. Hapakuwa na kitu duniani alichokitaka kuliko kumkanda binti yake, na hakuweza, na alijionea haya kwa kutoweza kwake. Mzee Msellem alitoka bila ya kuichukua miwani. Roho ilimuuma kwelikweli, na tangu hapo ile kompyuta haikuwa mchezo tena.

Basi akaingia vitani. Hafidh alimweleza kwa simu kwamba kinachoonekana kwenda kwenye TV hakiendi. Ni picha zilizosimama, zinabadilishwa upesi upesi; zikibadilika nyingi kwa sekunde moja, jicho linadanganyika kwamba ndege inakwenda; zikiwa chache, jicho linaushika uongo. Akamwonyesha namna ya kuiweka kwenye pembe ya TV namba ya kuhesabia picha hizo.

"Lakini Baba," akaongeza Hafidh, "hiyo kompyuta ishazeeka."

"Hata miye nshazeeka," Mzee akajibu, "na mpaka leo nafanya kazi."

Kwa vile kompyuta ililemewa, akaanza kuitua mizigo. Akayaondoa mawingu. Akayaondoa mawimbi ya bahari, vivuli vya minazi, hata gari zilizokuwa zikipita barabara ya Chake. Namba ikapanda mpaka hamsini, akafurahi akapiga makofi peke yake. Punde ikaanguka ikawa kumi na mbili. Ikapanda tena. Alipomwita mkewe atazame, Bi Mwanawema alitazama kwa jicho moja tu, kisha akalifumba na hilo.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanawema alikuwa ameketi mkekani pale pale sebuleni, ungo mapajani, anachagua mchele. Alijifanya hatazami. Mumewe alikuwa akiirusha ndege, mara anaitazama kwa nje, kama mtu anayeifuata kwa nyuma, mara anarudi ndani chumbani.

"Baba Asya," akasema bila ya kuinua kichwa, "ukitazama kwa nje, inakwenda vyema. Ukirudi ndani kwenye masaa yako ndo inaposita."

Mzee akatoka nje ya ndege. Ikateleza. Akarudi ndani. Ikakwama. Akatoka, akarudi, akatoka. Muda wote ule alikuwa akifagia mbingu na bahari, na uchafu uko chumbani mwake mwenyewe. Kila saa ile ilikuwa ni picha inayochorwa upya kila mara, ramani nayo vivyo hivyo, na zile skrubu zake zenye kung'aa na yale maandishi yake mazuri ndiyo yaliyokuwa yakiivunja mgongo kompyuta ya watu.

Ilimuwia vigumu, sitaki kusema uongo. Chumba kile ndicho alichokitamani tangu ujana wake, na sasa yeye mwenyewe akivue mapambo. Lakini aliyavua. Akaziondoa picha nzito akatia nyepesi, maandishi yakafifia mpaka usiweze kuyasoma bila ya kukunja uso. Ramani akaiamrisha ijichore kwa nafasi. Skrubu zikawa madoadoa. Hata viti vya nyuma, ambavyo hakai mtu, akavipunguzia uzuri.

Namba ikapanda mpaka sitini, ikashuka thelathini na tano, ikapanda. Ilikuwa afadhali, ila kijisito bado kipo, na Bi Mwanawema sasa alikuwa mtaalamu wa kukiona.

Hapo Mzee Msellem aliinuka kunyoosha mgongo, akainua mikono juu kama alivyozoea kuiinua uwanjani, na fikra ikamjia. Mwalimu wake wa kazi, marehemu Mzee Nassor, alikuwa akimgombeza siku za mwanzo kwa kupunga vibao mbio mbio, kisha polepole, kisha mbio. Rubani, alikuwa akimwambia, hafuati mkono wa mbio, hufuata mkono wa mwendo mmoja. Na yeye hapa siku zote hizi alikuwa akiifukuzia namba kubwa. Akaifunga namba. Akaiambia kompyuta isizidi thelathini, hata ikijiona ina nguvu za sitini. Kompyuta ikatulia kama iliyokuwa ikilingojea neno hilo. Thelathini. Thelathini. Thelathini.

"Mama Asya," akaita, "njoo mara moja, mke wangu. Ikisita, kesho naing'oa narudisha TV yako."

Kwa ahadi hiyo alikuja. Ndege ikakimbia, ikapaa, ikageuka juu ya Pujini. Mzee akageuza macho kushoto, kulia, kwenye saa, dirishani. Chumba kiliteleza chote kwa pamoja. Bi Mwanawema aliulegeza mkono ulioshika kiti. Walipita juu ya bahari isiyo na mawimbi, chini ya mbingu isiyo na mawingu, wakatua Unguja kwa kudunda kidogo, maana Mzee kwa kutua bado hajambo nusu.

"Rudia," akasema Bi Mwanawema.

Walirudia. Siku ya pili walirudia tena, na siku ya tatu tamthilia ilimpita na hakuiuliza. Siku ya nne, akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, alisema kama anayeagiza chumvi, "Nikatie hiyo tiketi."

Mzee mwenyewe asingeweza kwenda, kwani ulikuwa msimu wa karafuu na zake zilikuwa majamvini zinaanikwa, na mvua za siku zile hazina adabu. Akamfikisha mkewe uwanjani. Aliyekuwa zamu ya vibao alikuwa Rajab, aliyefundishwa kazi na Mzee mwenyewe, akamwachia asimame karibu. Ndege ilikuwa ndogo, zile ambazo abiria mmoja huketi mbele na rubani. Rubani alipouliza nani atakaa mbele, Mzee alimwona mkewe, aliyekuwa haikanyagi boti, anaunyoosha mkono. Punde akaviona kutoka chini viwiko viwili: kimoja cha rubani, cha pili kimefunikwa na buibui. Alicheka, na macho yakamlowa, na hakujali kwamba Rajab anamtazama.

Ndege ikaondoka. Safari ya Unguja ni ya nusu saa tu. Mzee alirudi nyumbani akawa anageuza karafuu na kuitazama simu. Nusu saa ikapita, ikapita nyengine. Akapiga, haipatikani. Akampigia Hafidh, hapokei. Hapo mawazo mabaya yakaanza kumwandama. Mawingu alimwondolea, je, akiyaona ya kweli atafanyaje? Upepo wa msimu huu unaitikisa ndege ndogo, na yeye hakumwambia kama ndege ya kweli hutikisika. Kamzoeza ndege laini kuliko iliyopo. Karafuu zile ziligeuzwa siku hiyo mara nyingi kuliko zilivyohitaji.

Alasiri ilikuwa imeshasaliwa simu ilipolia.

"Baba Asya," ilisema sauti ya mkewe, na nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu. "Asya kajifungua. Nimeshuka tu, Hafidh kanichukua moja kwa moja hospitali, na simu imezima njiani. Nimewahi. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Mtoto wa kike, mzima, na mamake mzima. Kachukua pua yako, maskini, lakini tutamwombea."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Msellem, akakaa chini kando ya jamvi. Alilirudia neno lile mara nyingi. Kisha, kwa vile alikuwa yeye, hakuweza kujizuia. "Na ndege je, Mama Asya? Ilikwendaje?"

"Ndege ipi?" akauliza Bi Mwanawema. "Haya, nakata, mtoto analia."