Wakala wa bima aliyefuata sahihi stesheni ya Kolwezi

Saa mbili asubuhi ofisi bado imefungwa, na tayari vijana watano wameegemea ukuta. Kila mmoja ameshika permi yake mpya, maana ndivyo leseni ya udereva inavyoitwa hapa Kolwezi. Valérie Mukalay anawapita bila haraka, anafungua kufuli, anafuta meza kwa kipande cha kitenge, kisha anamwita wa kwanza.

"Permi ulipata lini?"

"Hii wiki, mama."

"Na motokari ni ya nani?"

"Ya muyomba, kaka ya mama yangu."

"Basi muyomba njo atangulie kukuya hapa. We utamufuata."

Valérie, 44, mama wa watoto wanne, ni wakala wa bima za magari kwa mwaka wa kumi na sita. Hana mshahara, analipwa kwa kila mkataba anaoandika, na mwezi uliopita kazi yote ilimletea mfuko mmoja wa unga na mafuta ya kupikia. Lakini muulize mwenye gari yeyote kati ya Kapata na Fungurume, atakuelekeza mlango wake.

Kijana ambaye permi yake haijafika miaka miwili ana njia tatu, anaeleza. Achukue bima kwa jina lake, alipe mara mbili, tena ilinde tu watu atakaowagonga, si gari lake. Au aandikwe jina la pili chini ya dereva mzoefu, kwa bei ya kawaida. Au gari likae nyumbani mpaka permi ikomae.

"Ya tatu hakuna mutoto anapenda kuisikia," anasema na kucheka.

Njia ya pili ndiyo iliyozoeleka Kolwezi. Madereva wa miaka mingi walikuwa wafanyakazi wa migodi, wengi wao wa familia zilizoletwa kutoka Kasai tangu enzi za babu zao. Kijana alimwomba jirani, jirani akamfundisha, kisha akakubali kuandikwa jina la kwanza. Kabila la mtu halikuulizwa.

Ikaja Machi ya mwaka jana, 1993. Watu wa Kasai walifukuzwa majumbani mwao na wenyeji wa mji, wakajazana stesheni kungoja treni kwa wiki nyingi, na wengine walifia palepale. Ni aibu ya mji huu, na hakuna haja ya kuizungushia maneno.

Katika siku hizo Valérie alifungua kabati lake. Kati ya mafaili 63 ya madereva wapya, majina ya kwanza 41 yalikuwa ya watu walioko stesheni. Mkataba unasema jina la kwanza likihama mji, jina la pili linalindwa siku thelathini tu. Vijana hawakulijua hilo. Waliona karatasi ya bima bado imebandikwa kiooni, wakaendelea kuendesha.

Mmoja wao alikuwa Jeancy Kitenge, 20, anayebeba abiria kwa gari dogo kati ya Kapata na sokoni. Baba yake, mfanyakazi wa mgodi, hakuwa amelipwa kwa miezi mitano. Watu wanane walikula kwa gari hilo. Bei ya mara mbili hakuiweza, na kama angemgonga mtu bila bima, angeishia gerezani na gari lingeuzwa.

Jina la kwanza kwenye mkataba wake lilikuwa la Louis Kabasele, jirani yao, dereva wa miaka kumi na tisa bila ajali hata moja.

Valérie alikumbuka fomu ya zamani ambayo alikuwa ameitumia mara mbili tu, kwa wazee waliostaafu. Dereva mzoefu anaweza kumwachia kijana aliyemfundisha miaka yake isiyo na ajali, ili kijana alipe bei ya kawaida kwa jina lake mwenyewe, mradi mzoefu atie sahihi mbele ya wakala. Hasara ni kwamba mzoefu mwenyewe anarudi sifuri. Akatia fomu 41 mfukoni, akaenda stesheni kwa miguu.

Mke wa Kabasele, Mama Mushiya, alikuwa ameketi juu ya masanduku. Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Mulitufukuza," akamwambia. "Sasa munakuya kutuomba sinyatire?"

"Mi nilimuambia, mama uko na haki," anakiri Valérie. "Nikakaa chini."

Kabasele mwenyewe aliuliza jambo moja: "Jeancy iko wapi? Permi ni yake, si yako."

Jeancy alikuwa amejificha. Vijana wa mtaani walikwisha kumwambia kwamba anayekwenda stesheni ni msaliti, na atapigwa. Kesho yake, saa sita mchana, watu wote wakiona, aliegesha gari mbele ya stesheni.

"Tata Kabasele alipanda," Jeancy anasimulia. "Akasema, toa biatu."

Hivyo ndivyo Kabasele alivyowafundisha vijana wake wote, pekupeku, ili unyayo uizoee breki. Walikwenda hadi Mutoshi na kurudi. Waliporudi stesheni mzee aliomba kalamu.

"Nilimukumbusha," anasema Valérie. "Tata, ukiweka sinyatire, kule utaanza zero sawa mutoto. Akaniambia, 'Miaka yangu siwezi kuipandisha mu treni. Ibakie na huyu mutoto.'"

Madereva 27 walitia sahihi. Waliosalia walikataa, na Valérie hawalaumu. Miezi kumi na minne imepita, na katika vijana 27 hakuna aliyejeruhi mtu. Mama huyu hafichi majivuno yake.

"Andika hiyo," anatuamuru, akigonga meza kwa kidole. "Batoto makumi mbili na saba. Ajali, zero."

Kabasele sasa yuko Mwene-Ditu, huko Kasai. Barua yake, iliyoletwa na dereva wa lori, inasema amepata kazi ya kusafirisha mahindi, ila kwenye bima ameandikwa dereva mpya, na mwenye lori ananung'unikia bei. Ana miaka 51. Halalamiki. Anauliza tu, "Mutoto anaendesha namna gani?"

Swali hilo limemkaa Valérie moyoni. Ameandika barua tatu kwa ofisi ya bima ya mkoa, Lubumbashi, akiomba kwamba kijana akitimiza miaka yake miwili bila ajali, miaka aliyoachiwa imrudie aliyemwachia. Hajajibiwa. Ya nne iko kwenye taipureta, mbele yake.

Jeancy anatimiza miaka miwili Februari ijayo. Karatasi ya kumrudishia Kabasele miaka yake ikitoka, Valérie hataikabidhi posta.

"Nitamupatia mu mukono," anasema. "Na Jeancy njo atanipeleka."